Ruhusa ya Kung'oa Jino

Jumatatu, 12 Novemba 1951

Naandika kwa sababu kusema kunauma. Daftari hili nililinunua la kuandalia masomo ya darasa la kwanza, lakini tangu Ijumaa jino langu la chini kulia, la pili kutoka mwisho, limeamka tena. Kila nikifungua mdomo kuwatamkia watoto a, e, i, o, u, hewa inaingia mle kama sindano. Basi nimewaandikia ubaoni wanakili, nami nimekaa hapa.

Ukurasa wa kwanza huandikwa jina, kwa hiyo: Getruda, mke wa Marko. Marko yuko Korogwe kwenye mkonge tangu Agosti. Mimi nipo hapa kijijini, kati ya Sikonge na Ipole, na mama yake, ninayemwita Mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi, kama alivyomzoesha mwanawe. Nina mimba ya miezi minne, ya kwanza. Nafundisha shule ya misheni bila cheti. Hapa kila mwenye cheti ana pa kutibiwa, na asiye nacho ana majirani wa kumpa pole.

Mvua bado. Vumbi mpaka kwenye chai.

Alhamisi, 15 Novemba

Nimekwenda zahanati, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Dresa wetu, mhudumu pekee wa zahanati, anaitwa Hilari, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkavu, asiyecheka na mgonjwa. Alinimulika kwa tochi, akagonga jino na kijiko. Nusura nimng'ate.

"Limeoza mpaka mzizini," akasema. "Hili ni la kung'oa tu."

"Basi ng'oa."

"Sina ruhusa."

"Nani anayo?"

"Daktari wa meno. Huja Tabora kwa treni kila baada ya miezi mitatu. Daktari wa wilaya akipita hapa Jumatatu nitamwuliza kwa niaba yako. Njoo Jumatatu."

Akanipa aspirini mbili. Nyuma yake kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati nimeliona koleo la meno kwa macho yangu, limelazwa juu ya kitambaa cheupe linang'aa. Watu wote wanajua kwamba wakati wa vita, huko Burma, Hilari aliwang'oa meno askari kama mtu anayevuna karanga. Sasa koleo analifuta vumbi tu.

Jumatatu, 19 Novemba

Daktari wa wilaya hakupita. Aspirini mbili. Njoo Jumatatu.

Jumatatu, 26 Novemba

Hakupita. Aspirini mbili. Mvua ya kwanza imeninyeshea njiani, nikafika nyumbani kama kuku aliyetumbukia kisimani, na shavu likiwa linapiga kama ngoma.

Jumatatu, 3 Desemba

Sikwenda. Nimechoka kutembea saa mbili kwenda na kurudi kuambiwa neno moja.

Mayu amesema tatizo ni wadudu, tena wadudu hawaogopi vidonge. Amechoma mbegu za ndulele juu ya kaa la moto, akanifunika blanketi, akaniambia nipanue mdomo nivute moshi. Nilikohoa mpaka mtoto akashtuka tumboni. Mayu akanionyesha vipande vyeupe kwenye bakuli la maji. "Hao hapo!" Mimi niliona maganda ya mbegu, lakini unamwambiaje mama mkwe kwamba haya ni maganda? Nikasema asante, Mayu.

Nikamwambia nataka kwenda Tabora daktari wa meno akija. Alinikatiza kama anayekata kamba. "Jino la mwenye mimba haliguswi. Kila mtoto akizaliwa huondoka na jino moja la mama yake. Vumilia mpaka ujifungue."

Miezi minne! Yeye amebakiza meno sita na anatafuna mahindi ya kuchoma. Ni rahisi kuhubiri uvumilivu kama jino si lako.

Alhamisi, 20 Desemba

Barua ya Marko. Nilikuwa nimemweleza yote. Anajibu kwamba hata yeye jino lilimsumbua mwezi wa kumi, akaenda kwa daktari wa shambani, akaonyesha kipande chake, ile kadi ya kazi, likang'olewa bure kabisa, na mchana akarudi kukata mkonge. "Ungekuwa hapa kambini na jina lako limeandikwa, nawe ungetibiwa. Jaribu kuja."

Siku mbili za treni na tumbo hili, niende nikaandikwe jina! Nimeisoma barua mara tatu, nione kama kuna mahali amesema pole. Ipo, mwishoni, pamoja na salamu kwa mbuzi.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Wenzangu wamekula nyama. Mimi nimekunywa mchuzi kwa upande wa kushoto.

Ijumaa, 11 Januari 1952

Mwalimu Silasi, mwalimu wetu mkuu, amerudi kutoka mjini na habari: daktari wa meno atakuwapo Tabora Jumanne mpaka Alhamisi. Amenipa ruhusa ya wiki. Nilikwenda kwa Hilari, nikamwomba barua. Aliandika bila kuuliza lolote, akapiga muhuri, akaikunja mara mbili.

"Wahi foleni," akasema. "Alfajiri kabisa."

Mayu hajasema nami tangu nimwambie kwamba naenda. Amenifungia viazi vya safari kwenye jani, akaviweka mlangoni, akaenda zake shambani.

Ijumaa, 18 Januari

Nimerudi na jino langu. Niandike yote yalivyokuwa, labda hasira itabaki kwenye karatasi.

Jumatatu nilipanda lori la nta la Nassibu. Barabara imekuwa uji. Mara tatu tulishuka kusukuma, na mara zote tatu Nassibu alinikataza nisisukume, nami nikasimama kando nimeshika shavu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Tulifika Kanyenye, mtaa wa Tabora, jua linatua. Nilifikia kwa Bi Mwamvita, mshona kofia, ambaye hununua asali ya Mayu miaka mingi. Alinipokea kama mwanawe. Alinisagia karafuu, akanipakia jinoni mwenyewe kwa kidole chake, huku akimlaani yule aliyeumba meno yasiyo na mlango wa nyuma, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kusema hivyo.

Jumanne alfajiri nilikuwa mtu wa tisa kwenye foleni. Saa mbili alitokea karani na orodha. Kwanza waliingia Wazungu. Hawakupanga foleni, walishuka tu kwenye magari. Halafu watumishi wa serikali wenye cheti. Halafu wake zao. Karani akasoma barua yangu.

"Mume wako anafanya kazi wapi?"

"Mkonge, Korogwe."

"Basi nenda Korogwe."

"Hapa kuna barua ya dresa. Soma chini, ameandika ni ya haraka."

"Wote hapa ni wa haraka, mama. Wasio kwenye orodha wataonwa ikibaki nafasi. Keti."

Niliketi. Nafasi haikubaki. Jumatano niliketi tena. Saa tisa mlango ulifunguliwa nikamwona daktari mwenyewe, Mzungu mwembamba mwenye macho mekundu ya uchovu, anajifuta mikono. Alinitazama shavu. Nina hakika aliliona. Akamwuliza karani neno kwa Kiingereza, karani akatikisa kichwa, mlango ukafungwa.

Alhamisi nilimwambia karani nitalipa. Nilikuwa na shilingi zangu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alicheka, si kwa ubaya, nafikiri naye alikuwa amechoka. "Mama, hata ukilipa, saa haziongezeki. Treni ya Kigoma inaondoka leo jioni na daktari yumo. Rudi Aprili."

Bi Mwamvita alinisindikiza kwenye lori. Njiani alitaka kunipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani anayeng'oa kwa uzi na koleo la kufulia mabati. Nilikwenda mpaka mlangoni pake. Nikaona ndoo yake. Nikageuka.

Jumatatu, 21 Januari

Nilimrudishia Hilari barua yake. Nisiwe mwongo: nilimtupia. Nikamwambia, "Chukua ruhusa yako." Aliiokota, akainyoosha juu ya goti, akaniwekea aspirini mbili mezani. Sikuzichukua. Nimezijutia njia nzima.

Jumanne, 22 Januari

Mwalimu Silasi amesikia ya jana, kijiji hakina siri. Wakati wa mapumziko akaniita pembeni.

"Mwalimu, unamjua Masolwa wa mizinga ya nyuki?"

"Namjua."

"Mwaka juzi Hilari alimng'oa jino. Damu haikukatika siku tatu. Masolwa alipona, lakini habari zilifika mjini, na Hilari akaletewa barua: ukigusa jino tena, kazi huna. Ana watoto sita."

Nikamwuliza, kwa nini asiniambie mwenyewe? Silasi akasema mtu wa jeshini hapendi kueleza hofu yake. Labda. Lakini hofu yake nami naibeba mdomoni.

Ijumaa, 8 Februari

Habari zimefika kwamba Mfalme wa Uingereza amefariki. Shule imefungwa. Jino halikufunga.

Alhamisi, 14 Februari

Mvua siku ya tano mfululizo. Uvimbe umeshuka mpaka chini ya taya. Siwezi kutafuna hata ugali uliolainishwa. Mayu ananipa uji kwa kijiko.

Jumatatu, 18 Februari

Daraja limechukuliwa na maji. Lori la Nassibu limekwama upande wa pili. Homa.

Jumatatu, 25 Februari

Leo ndiyo siku ya kwanza ninaweza kukaa na kushika kalamu.

Jumatano iliyopita niliamka nikiwa siwezi kumeza mate yangu mwenyewe. Yalikuwa yanatoka yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao, meno hayaachani hata upana wa kucha, na nikilala chali pumzi haipiti. Nilitaka kumwita Mayu, ikatoka sauti kama ya mbuzi. Alikuja na uji. Akanitazama. Akaweka bakuli chini, akatoka mbio, mwanamke wa miaka sitini, anakimbia kwenye matope akimwita Silasi kwa jina tupu.

Walinipakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya Silasi. Silasi anasukuma, Mayu ananishikilia kiuno. Gurudumu lilizama mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Kulikuwa kumepambazuka vizuri tulipofika, na Hilari alikuwa anafagia maji yaliyoingia kizingitini.

Mayu hakumpa hata salamu. "Hilari, ng'oa."

Hilari akaegemeza ufagio. "Mayu, mwezi wa kumi na moja ulikuja hapa peke yako. Ulinishika mkono, ukaniambia nisimguse mkweo mpaka azae. Nikakuahidi."

Nilisikia hivyo na sikuwa na mdomo wa kusema. Nilimgeukia Mayu. Naye hakunikwepa macho.

"Nilikuja," akasema. "Mimba yangu ya kwanza nilikuwa na jino kama hili. Walining'oa, na siku ya tatu mtoto akatoka. Hata jina hakupata. Niliogopa, mwanangu. Nimeogopa tangu ulipoanza kushika shavu." Kisha akamrudia Hilari. "Nilikuwa nalinda mmoja. Sasa naona wote wawili wanaondoka. Ng'oa."

Hilari alinishika shingo kwa vidole viwili, polepole, kutoka sikio moja hadi la pili. Akauliza mara ya mwisho nilimeza lini. Akauliza kuhusu daraja, ingawa alijua. Kisha alikwenda mezani, akafungua kitabu kikubwa cha wagonjwa, akaandika. Silasi akamwambia, "Ndugu yangu, hilo si lazima uliandike."

"Ni lazima," akasema Hilari. "Nikificha, basi mimi ni mwizi. Nikitibu, naandika."

Akanawa mikono mpaka viwikoni. Akafungua kabati.

Sindano ya ganzi hakuna. Alinikalisha kwenye kigoda, mgongo ukutani, Mayu amenikumbatia kichwa kifuani pake, Silasi ameshika mikono. Hilari alipenyeza kati ya meno yangu kijiti kimoja chembamba kile cha kukandamizia ulimi. Halafu cha pili juu yake. Halafu cha tatu. Kila kijiti alingoja, akisema kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, "Taratibu, Mwalimu. Taratibu. Kingine." Kilipoingia cha saba akapitisha wembe ubavuni mwa ufizi. Usaha uliotoka sitauelezea. Silasi alitazama pembeni. Mayu aliupokea kwa kanga yake, ile mpya.

Hapo nikavuta pumzi. Pumzi nzima, mpaka chini. Nilidhani imekwisha.

"Bado jino lenyewe," akasema Hilari, akachukua koleo.

Lilivunjika. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama kuni kavu. Hilari alitazama kipande kilichotoka, na nikaona jasho linamshuka puani. "Mzizi mmoja umebaki. Nikiuacha, yote haya yatarudi." Mayu akaanza kuniimbia sikioni kwa Kinyamwezi, wimbo wa kubembeleza watoto. Hilari aliingia tena. Mimi ambaye sikuwa na sauti nilipata sauti.

Ulipotoka aliuweka mkononi mwangu niuone, mdogo, mweusi, umepinda kama ndoana. Yote yale kwa kitu hicho!

Alinipa kitambaa niume, vidonge vikubwa vyeupe vya kukausha usaha, akakaa mbele yangu kwenye sanduku na saa yake ya mkononi. Kila baada ya muda alitazama kitambaa. Hakwenda kula. Adhuhuri mtoto alinipiga teke, nikauchukua mkono wa Mayu nikauweka pale. Akalia bila kujificha. Damu ilikatika kabla ya saa kumi.

Jumatano, 12 Machi

Naweza kutafuna. Darasa limerudi kwenye sauti yangu.

Lakini leo amekuja bwana mkaguzi wa afya na karani wake, kupitia kingo za mto kwa miguu. Amekisoma kitabu cha wagonjwa, akaufikia mstari wangu. Niliitwa. Hilari alikuwa amesimama wima ukutani kama yuko gwaridani. Mkaguzi anajua Kiswahili, akauliza mwenyewe.

"Ulijua kwamba dresa huyu hana ruhusa ya kung'oa meno?"

"Nilijua. Aliniambia kila Jumatatu."

"Kwa nini basi ulikubali?"

"Kwa sababu mwenye ruhusa alikuwa amepanda treni, bwana. Nilikaa mlangoni pake siku tatu."

Karani wake akaacha kuandika. Mkaguzi akauliza kama nina malalamiko juu ya matibabu. Nikasema ninayo malalamiko, ila si juu ya Hilari, na kama ana karatasi za kutosha nitaanza tangu Novemba. Akasema hayo hayamhusu, yeye amekuja kwa kitabu. Nikamwambia, "Kama angekuwa mwongo asingeandika, nawe usingekuwa na la kumwuliza." Akasema anaelewa. Alisema hivyo mara mbili. Nimegundua kwamba mtu akisema anaelewa mara mbili, hakuna atakachofanya.

Mayu hakuitwa, lakini aliingia. Akauliza kwa Kinyamwezi, "Huyu bwana ana mke?" Karani hakutafsiri.

Ijumaa, 28 Machi

Barua imekuja. Hilari hakufukuzwa. Ameondolewa udresa, atakuwa mtunza ghala la dawa huko mbali, upande wa Kigoma, mshahara chini. Mtu mwenye mikono ile, ahesabu chupa! Nimeandika barua mbili, moja kwa mkaguzi na moja kwa mkubwa wake. Silasi ametia sahihi. Masolwa mwenyewe amekuja kutia dole gumba, akasema zile siku tatu za damu alikuwa amekunywa pombe kinyume cha alivyoagizwa, na hakuna aliyemwuliza. Miaka miwili hakuna aliyemwuliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtoto wa kike, jana mchana. Mzima. Mayu ndiye aliyempokea. Nimelala nasikia anamwambia mjukuu wake maneno marefu ambayo hajawahi kuniambia mimi, na sina wivu.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua zangu hazijajibiwa. Mvua zimekwisha, daraja limewekwa magogo mapya, na leo lori la Nassibu limekuja kumchukua Hilari na mkewe na watoto sita na kuku.

Nilikwenda na mtoto mgongoni. Mayu alikuja na kibuyu cha asali. Nilikuwa nimepanga maneno mengi: kwamba nitaandika tena, kwamba sitachoka, kwamba ni aibu. Nilipofika mbele yake yote yakanichanganyika, nikasema, "Bwana Hilari, nimekasirika."

"Najua," akasema.

"Wewe hukukasirika?"

Alifikiri kidogo. "Nilikasirika Novemba, Mwalimu, kila ulipotoka pale mlangoni. Sasa siwezi."

Watu walikuwa wameshapanda. Nassibu alipiga honi. Hilari akatia mkono mfukoni akatoa tochi yake.

"Panua mdomo," akasema.

Pale pale barabarani, mbele ya kijiji kizima, nilipanua. Aliinama, akamulika mchana kweupe, akabonyeza ufizi kwa kidole, huku na huku, bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima.

"Umefunga vizuri," akasema. Akazima tochi, akapanda nyuma ya lori, akakaa juu ya sanduku lake akituelekezea uso.

Lori lilipokata kona bado nilikuwa sijafumba mdomo.